Somo Alivyonifunda Mara ya Pili

Ipo siku moja siisahau, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau mengi, hata miwani naitafuta nikiwa nimeivaa. Nilikuwa bado kijana. Usicheke. Nilikuwa na miaka hamsini na kitu, na ukishafika sabini kama mimi utaona mwenyewe kwamba hamsini na kitu ni ujana kabisa. Siku hiyo Bi Tausi aliingia kwangu Ujiji bila kupiga hodi, akanikuta uani nafua vipande vya kanga, akasimama mbele yangu na mkongojo wake akaniuliza, "Mwari wangu, mtoto amekukosea nini?"

Nikueleze kwanza Bi Tausi ni nani, Mungu amrehemu. Alikuwa somo yangu, yaani ndiye aliyenifunda nilipokuwa nataka kuolewa. Hapa kwetu msichana akishaposwa huwekwa ndani, na mwanamke mtu mzima, asiye mama yake, hupewa kazi ya kumfundisha mambo ambayo mama hawezi kumwambia mwanawe wakatazamana usoni. Huyo ndiye somo, na usomo hauna mwisho. Hata ukipata wajukuu, yeye bado ni somo yako na wewe bado ni mwari wake, na ana ruhusa ya kukusema mpaka mmoja wenu azikwe. Bi Tausi aliitumia ruhusa hiyo ipasavyo.

Mtoto aliyemtaja ni binti yangu, Mwajuma, mtoto wangu wa pekee wa kumzaa. Aliolewa Kalya, huko kusini mwa ziwa, mwendo wa boti wa kutwa na zaidi. Alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza alikuja kujifungulia kwangu kama ilivyo desturi, na kwa ya pili mama ndiye anayemfuata mwanawe: amkande kwa maji ya moto, amsaidie kichanga, amshike mkono mpaka arobaini itoke. Alinipigia simu mapema, mimba ikiwa ya miezi mitano tu, ili nipange shughuli zangu. Nikamwambia sitaweza, mguu unaniuma. Akapiga tena, nikasingizia biashara. Safari ya tatu akasema, "Mama, kama kuna kosa nimekufanyia, niambie. Au ni mume wangu humtaki?" Nikamwambia mtandao mbaya, nikakata simu. Mwanangu, nililia siku hiyo. Mguu wangu haukuwa na hata kidonda.

Ukweli wenyewe ni kwamba mkojo ulikuwa unaniponyoka. Hedhi ilikuwa imekoma miaka michache nyuma, na kwanza nilishangilia, nikasema sasa nimepumzika, kumbe mwili ulikuwa na neno lake. Ilianza kwa kikohozi. Nikikohoa, tone. Nikaona ni uchovu. Kisha ikawa nikiinua ndoo ya dagaa, maana nilikuwa nauza dagaa soko la Mwanga, nasikia joto kwenye mapaja. Kisha ikawa kucheka. Jirani yangu pale sokoni, Mama Yusta, mwanamke wa Kalinzi aliyekuwa akiuza maharage na kahawa, alikuwa na maneno ya kuvunja mbavu. Siku moja alikuwa anasimulia jinsi mumewe alivyomkimbia jogoo, nikacheka, na nilipotaka kusimama nikaona siwezi. Nikakaa pale mpaka soko likapungua watu.

"Yewe, leo umegandia hapo kwa nini?" aliniuliza.

"Nasubiri mteja," nikamjibu.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kununa. Mama Yusta akianza hadithi zake, mimi najifanya nahesabu dagaa. Maji nikayakimbia, nikaona nisipokunywa hakitakuwepo cha kutoka. Na wewe unalijua jua la Kigoma. Nilikuwa nakaa kutwa nzima na kikombe kimoja cha chai, midomo imekauka, na mkojo ukawa mkali, unachoma, na haja inanikamata kila dakika kuliko zamani. Ramadhani ikafika, nikaacha kwenda msikitini kuswali tarawehe, maana nikirukuu tu udhu umevunjika. Wenzangu wakadhani nimekuwa mvivu wa ibada. Nikawaacha wadhani hivyo. Niliona afadhali kuitwa mvivu.

Sasa mtu wa namna hiyo apande boti ya Kalya? Mnakaa mmebanana juu ya magunia na makreti, wanaume kwa wanawake, hakuna pa kujisitiri mpaka mfike kijiji kinachofuata. Na nikifika, nilale kwenye godoro la mkwe wangu! Nililifikiria godoro lile kuliko nilivyofikiria uchungu wa mwanangu. Heri nionekane mama katili, nilijiambia, kuliko kumwaibisha Mwajuma kwa mumewe.

Kumbe Mwajuma, baada ya kukatiwa simu, alimpigia Bi Tausi. Ndiyo maana bibi yule, na magoti yake mabovu, alitembea kutoka Kasingirima mpaka kwangu bila kuchukua hata bodaboda.

Basi akaniuliza, mtoto amekukosea nini. Nikaanza wimbo wangu wa mguu. Hakunisikiliza. Alikuwa anaitazama kamba ya nguo. Vilikuwepo vipande vya kanga, vimekunjwakunjwa, vingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kuvieleza. Akavuta kigoda, akakaa, akalaza mkongojo chini.

"Yanakutoka tangu lini?"

Nikaikamua kanga niliyoishika.

"Mimi nimezalisha wanawake na nimeosha maiti," akasema. "Hakuna kilichomo mwilini mwa mwanamke ambacho mkono wangu haujakigusa. Unanionea haya mimi?"

Hapo nikasema. Nilisema yote, kikohozi na ndoo na jogoo wa Mama Yusta na godoro, na nililia kama mtoto. Bi Tausi hakunipapasa mgongoni. Alinisubiri nimalize, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Nilipokuwa nakufunda, nilikufundisha kubana. Unakumbuka?"

Nikakumbuka, na uzee wangu wote uso ukaniwaka. Mwanangu, sitaki kukuficha. Kila msichana aliyewekwa ndani zama zetu alifundishwa kukaza ile misuli ya ndani, kule chini, na kuilegeza, kukaza na kulegeza, mpaka iwe na nguvu. Tuliambiwa ni kwa ajili ya kumfurahisha mume.

"Somo," nikamwambia, "yale yalikuwa mambo ya mume. Marehemu hayupo, mimi nitabana ili iwe nini?"

"Kwani marehemu alipozikwa alizikwa na mwili wako?"

Nikajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Nakuuliza! Alizikwa nao? Eda uliimaliza, nguo ukabadilisha, biashara ukaendelea nayo, lakini mwili ukaukunja ukauweka sandukuni kama nguo za harusi. Nani alikuambia mwili ule ulikuwa wake?"

Nikamwambia, na hapo kidogo hasira zilinipanda, "Ni wewe uliniambia, somo."

Nilijuta papo hapo. Hakuna mwari anayemjibu somo yake hivyo. Lakini Bi Tausi hakukasirika. Aliinamisha kichwa, akachezea ncha ya mtandio wake muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba ni kweli. Na yeye yalimpata, akasema, baada ya hedhi kukoma, na aliyaficha miaka, mpaka muuguzi mmoja alipomweleza kwamba misuli ile ile aliyokuwa akiwafundisha wasichana ndiyo inayoshikilia kibofu, na kwamba uzazi unailegeza, mizigo inailegeza, na hedhi ikikoma inazidi kunyong'onyea kama haifanyiwi kazi. Alianza upya kuzoeza mwili wake akiwa mkongwe, na ukamsikia.

"Nimefunda wasichana wengi," akasema. "Wote niliwaambia fanyeni kwa ajili ya waume zenu. Hata mmoja sikumwambia fanya kwa ajili yako. Hilo linaniuma, mwari wangu. Basi leo nakufunda tena, na safari hii hakuna mume katika maneno haya."

Nilimpenda sana Bi Tausi siku ile, kuliko siku zote nilizomjua. Mtu mzima wa miaka themanini kukubali mbele ya mwari wake kwamba alikosea, si jambo dogo kwetu.

Lakini hakutaka kunifunda peke yake. Alisema ule mkojo unaochoma si wa mazoezi, ni wa hospitali, na asubuhi iliyofuata akanipeleka mwenyewe, kana kwamba naenda kuandikishwa shule. Walipima mkojo, wakakuta maambukizi, wakanipa dawa. Wakanipima na sukari, nayo ilikuwa sawa. Kisha wakatupeleka kwa binti mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mpole, sauti yake ya chini. Alivaa glovu akanipima, akaniambia, "Mama, bana nione." Nikabana kwa nguvu zangu zote, nikazuia pumzi, nikakaza matako, mapaja, mpaka taya.

"Mama umebana kila kitu isipokuwa penyewe," akasema.

Bi Tausi aliyekuwa nyuma ya pazia akaangua kicheko mpaka akakohoa. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini yule binti naye alicheka, na mimi mwishowe nikacheka, na ndipo nikajua kwamba tatizo hili si langu peke yangu duniani. Alisema wanawake wanaokuja kwake ni wachache kuliko wanaoumwa, kwa sababu wengi wanadhani ni uzee tu na uzee hauna dawa.

Akanifundisha taratibu. Nijifanye nazuia upepo usitoke na mkojo usitoke kwa wakati mmoja, na ile misuli niivute ndani na juu, kama mtu anayenyanyua kitu kidogo kilicho ndani yake. Tumbo lisihangaike, matako yalale, pumzi iendelee. Nishikilie hesabu ya tatu au nne kama ndiyo uwezo wangu, nikipata nguvu nisogee mpaka kumi. Kisha nilegeze kabisa, nipumzike, maana kulegeza nako ni sehemu ya zoezi. Nirudie kama mara kumi, halafu nibane chapuchapu mara chache, nimalize. Hivyo asubuhi, mchana na jioni. Akanionya nisifanye mazoezi kwa kuukatiza mkojo njiani nikiwa chooni, kwa sababu kibofu kinaweza kuzoea vibaya. Na kitu kimoja alichonisaidia nacho kuliko vyote: kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kuinua ndoo, nibane kwanza, ndipo nikohoe.

Kuhusu maji, alinigombeza. Alisema mkojo uliokolea unakikera kibofu, na kibofu kilichokereka hakitulii. Ninywe maji ya kutosha, nipunguze chai na kahawa. Hiyo ya kahawa iliniuma, kwa sababu Mama Yusta alikuwa ananipa bure.

"Lini nitapona?" nikamuuliza. "Nina safari."

"Usihesabu siku, mama. Hesabu miezi. Wengi wanaona nafuu ndani ya miezi mitatu, wakiwa hawakatishi."

Miezi mitatu, na Mwajuma alikuwa amebakiza mitatu na siku chache.

Mwanangu, wiki za kwanza nilikata tamaa mara nyingi. Nabana, nalegeza, na nikipiga chafya bado naloa. Nikasema yule binti ananichezea akili. Nilikuwa nafanya nikiwa nimekaa sokoni, ndiyo raha ya zoezi hili, hakuna anayejua. Ila mwanzoni uso ulikuwa unanisaliti. Mteja mmoja alishika kisado cha dagaa akaniuliza mbona namtazama kwa chuki hivyo, kama bei sitaki kumpunguzia basi niseme. Bi Tausi alinijia kila Ijumaa baada ya swala. Haulizi habari za nyumbani, anauliza, "Unabana?" Nikimwambia sioni faida, ananijibu kwamba hata mimba haionekani mwezi wa kwanza.

Mwezi wa pili ukiingia, niliinua ndoo ya dagaa na nikaitua, na nikasimama pale nikisubiri lile joto. Halikuja. Sikuwaambia watu, lakini nilikwenda nyuma ya kibanda nikakaa peke yangu, na moyo wangu ulijaa furaha ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi. Jioni ile nilimpigia Mwajuma.

"Nakuja," nikamwambia.

Alianza kulia kwenye simu. Akaniuliza, "Mguu umepona?" Nikamwambia nikifika nitamweleza habari za mguu.

Sikudanganyi kwamba niliondoka nikiwa mzima kabisa. Nilipanda boti na kitambaa nimekivaa, na khofu nayo nimeivaa. Tulipopita eneo lenye mawimbi, boti ikawa inapanda na kudondoka, na kila ikidondoka nabana. Matone mawili matatu yalipita, sikatai. Lakini yalikuwa matone, si mto, na kitambaa kiliyaweza. Kila boti ilipogusa kijiji kushusha mizigo, nilishuka nami, nikatafuta choo kwa wenyeji bila haya, nikanywa maji yangu, nikarudi. Nilifika Kalya nguo zangu zikiwa safi. Mkwe wangu alinipokea begi akaniamkia, na godoro nililokuwa naliogopa miezi yote ile nikaona ni godoro tu.

Mwajuma alijifungua salama, mtoto wa kike. Nilimkanda, nikamsitiri, nikafanya kila kilichonipasa. Siku moja, katika ile arobaini, alikuwa ameketi mkekani ananyonyesha, akapaliwa na uji. Akakohoa. Halafu ghafla akabana magoti, akatazama pembeni kama mtu anayesikiliza kitu mbali.

Mwanangu, ile sura naijua. Ilikuwa yangu mwenyewe, pale sokoni.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Akasema hakuna kitu. Nikamwambia, mimi mguu haukuwahi kuniuma. Nikamwambia yote, mkojo, maji niliyoyakimbia, godoro la mumewe. Alinisikiliza mdomo wazi. Kisha akaniambia yalimwanza tangu uzazi wa kwanza, na hakumwambia mtu, hata mimi, aliona mimi ni mwanamke msafi, nitamdharau. Ndiyo maana hakuwa amekuja Ujiji muda mrefu. Na mimi niliyekuwa nanung'unika moyoni kwamba binti yangu akishaolewa amenisahau!

Tulikaa pale mkekani, mama na mwana, kila mmoja alikuwa amemkimbia mwenzake kwa aibu ile ile. Nilimshika, na nilisikia uchungu ambao siwezi kuupima, kwa miaka iliyopotea bure. Alipomaliza kulia akajifuta, akasema, "Basi nifundishe, mama." Nikamfundisha. Kwa desturi mama hafundi mwanawe, lakini sikuona wa kumwachia kazi hiyo.

Basi sikiliza, mwanangu, nikuachie haya ningali na pumzi. Hedhi ikikoma, mwili unabadilika, na mkojo kuponyoka kunawapata wengi, ila kuwapata wengi si sababu ya kukubali kuishi nako kimya. Ile misuli ni yako. Izoeze ungali kijana, izoeze ukishazaa ukiwa umepata ruhusa ya wakunga, na ukiwa umechelewa kama mimi, anza hapo ulipo leo, ukiwa umekaa au umelala. Usibane uso, usizuie pumzi, na usiache kwa sababu wiki imepita hujaona kitu. Ukiona nafuu usiache vile vile, maana mimi niliwahi kuacha nikaona yanarudi. Maji kunywa. Ukiona damu kwenye mkojo, au unachoma, au unatiririka bila kukoma, au unasikia kama kitu kinashuka ukeni, hayo usiyafanyie mazoezi peke yako, nenda hospitali ukawaeleze wazi. Na hata kwa haya madogo, nenda mara moja wakakuonyeshe kama unabana penyewe. Wako watakaohitaji dawa au tiba nyingine, wala si kwamba wameshindwa.

Na wewe wa kiume unayesikia haya, ukiona mama yako hasafiri, harukuu na wenzake, haketi penye watu, usikimbilie kusema amezeeka au amekuwa na kiburi. Mwachie nafasi, mpe nauli ya hospitali, na usiulize mengi.

Mungu akuzeeshe kwa heshima, mwanangu. Akupe mwili unaokutii na ulimi usioogopa kuutaja mwili huo. Na kama yupo mtu wako uliyemkimbia kwa aibu, Mungu akupe boti ya kumfuata, umkute mzima, naye awe na neno la kukuambia.